Kitabu cha sungura na mbigili: kilivyotufaa nyumbani kwetu Uyole, Mbeya

Nilikinunua sokoni Mwanjelwa mwezi wa sita, kwa muuza vitabu anayetandika turubai chini. Shilingi 5,000, hakupunguza. Kurasa 24, kila ukurasa una picha, maandishi makubwa. Nilichotaka ni mwanangu wa darasa la pili ajizoeze kusoma, maana shuleni wako kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) na nyumbani palikuwa na vitabu vya dada yake tu.

Hadithi ni ya sungura mwenye mdomo. Kila neno analomtupia mwenzake linadondoka chini na kuota. Akimsema kobe mwendo wake, inaota mbigili, mmea wenye miiba. Akimcheka kanga madoadoa, inaota nyingine. Wenzake wanachechemea, yeye anaruka. Ukame unaingia, maji yanabaki kisima kimoja, na njia ya kwenda huko ni ile ile aliyoipanda mwenyewe.

Sasa, mwanangu ana kigugumizi. Dada yake wa miaka kumi alikuwa akimuigiza, nasi wakubwa tukimwambia mdogo asijali, maneno makali hayavunji mfupa. Najuta. Jioni ya kwanza tulilizunguka jiko la mkaa, baridi imekaza, mdogo akasoma mwenyewe akifuatisha kidole. Kwenye "mbigili" akakwama: mbi, mbi, mbi. Nikamtazama dada mtu. Hakucheka. Macho yalikuwa kwenye picha ya kobe aliyekaa kando ya njia, mguu kauinua, anauchomoa mwiba kwa mdomo. Mbigili wanaijua hawa. Likizo huenda kwa bibi yao Rujewa, wilayani Mbarali, na kule inatoboa kandambili hadi kwenye unyayo. Akaniuliza, "Mama, nikimuigiza inamuuma hivi?" Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akamuuliza. Mdogo akaitikia kwa kichwa, akafunua ukurasa.

Kuigiza hakukuisha siku ile. Ila sasa binti akiteleza anajikamata mwenyewe, na mdogo wake hakwepi tena kusoma kwa sauti.

Mwisho wa hadithi umekimbizwa, na hilo limeniuma kwa sababu kwingine kote mwandishi ametulia. Sungura anaomba samahani ukurasa mmoja, unaofuata njia nzima ni maua. Mbigili haiondoki hivyo, mtu yeyote aliyelima Mbarali anajua. Ningependa tumwone ameinama, anang'oa mche mmoja mmoja, mikono inamuuma. Mimi nikifika hapo huongeza maneno yangu.

Pini za kitabu nazo ni dhaifu. Wiki ya pili kurasa za katikati zilichomoka, nikazishona kwa sindano na uzi mnene.

Kwa mtoto wa miaka sita hadi tisa kinafaa sana, na kama ana kaka au dada, wakalisheni pamoja. Nimeshaagiza nakala nyingine kwa ajili ya watoto wa Rujewa. Hiyo nitaishona kabla haijapanda basi.