Mbwa wa skrini kwenye vibanda vya kubeti Mtwara: uzoefu wangu

Skrini ya kibanda cha kubeti hapa Mtwara mjini inaweza kukuonyesha mbwa wa aina mbili, na wateja wengi huwabetia kwa akili moja. Kuna mbwa wa kompyuta, wanaokimbia kila baada ya dakika chache kutwa nzima, na kuna mbwa halisi wa Uingereza. Nimewabetia wote, na alama ninazowapa ni mbalimbali sana.

Mbwa wa kompyuta nawapa 1 kati ya 5. Mshindi anachaguliwa na programu kwa bahati tupu: mbwa hana mguu unaouma, hana mbio za juzi. Anayeandika kwenye daftari kwamba namba 4 "haijatoka siku nyingi" anamaliza wino bure. Mbwa mwenye nafasi moja kati ya sita ana uwezekano wa asilimia 16 wa kukosa mara kumi mfululizo, na mara ya kumi na moja nafasi yake ni ileile.

Kwa vyovyote, pima ubao kwanza. Gawa 100 kwa kila odi (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda), kisha jumlisha zote sita. Mfano, ubao wa 3.20, 4.00, 5.00, 6.00, 7.00 na 9.00 unatoa 118 na ushee. Kinachozidi 100 ndicho chakula cha kampuni. Hapo kila shilingi 1,000 inarudi wastani wa 845 hivi, kabla ya kodi ya ushindi. Ubao ukifika 125 mimi siugusi.

Kudabo ndiko kunakomaliza watu. Ukianza na 500 ukadabo, yaani ukaongeza dau mara mbili kila mkeka (tiketi ya beti) unapochanika, mikeka saba imekula 63,500, na wa nane unataka 64,000. Yule mbwa wa 3.20 anayeonekana wa uhakika huweza kukosa mara saba mfululizo kwa uwezekano wa asilimia 12 hivi. Kwa anayekaa kibandani kuanzia mchana hadi jioni, hilo litamkuta.

Mbwa halisi nawapa 3, kwa sababu hapo kuna cha kusoma. Kadi ya mbio kibandani mara nyingi haipo. Itafute kwenye simu, na rekodi za kila mbwa zipo kwenye tovuti ya GBGB, chombo kinachosimamia mbio hizo. Wanakimbia sita, kila namba na rangi ya kizibao chake: 1 nyekundu, 2 bluu, 3 nyeupe, 4 nyeusi, 5 rangi ya chungwa, 6 mistari myeusi na myeupe. Mbio za mita 480 huchukua kama sekunde 29, na mara nyingi huamuliwa kwenye kona ya kwanza. Kwa hiyo natazama muda wa kipande cha mwanzo kabla ya muda wa mbio nzima. Kwenye rekodi hizo, alama ya SAw maana yake alichelewa kutoka; akiwa nayo mara tatu katika mbio tano, simweki hata odi ikiwa tamu. Crd na Bmp ni kinyume chake: alibanwa au aligongwa, na nafasi ya tano aliyomaliza inaweza kumficha mbwa mzuri.

Angalia pia herufi W, mbwa anayependa kukimbia nje. Akiwa namba 6, ya nje kabisa, yuko kwake. Mbwa wa akiba akiingia kwenye namba isiyo ya mtindo wake, msongamano wa kona hubadilika kwa wote, hasa jirani zake. Na mbwa aliyeshuka daraja, tuseme kutoka A3 hadi A5 (A1 ndilo la juu), awe ameshuka kwa kubanwa na si kwa kupungua mwendo.

Kupanga wawili wa kwanza kwa mfuatano kuna njia 30. Watatu, njia 120. Nikitaka hiyo nachukua mbwa watatu kwa wawili wa kwanza: mikeka sita ya 500, shilingi 3,000, basi.

Saa zihesabiwe vizuri. Mbio za saa 12:30 jioni Uingereza ni saa 3:30 usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa 2:30 wakati wa kiangazi chao.

Msimu wa malipo ya korosho foleni ni ndefu, na hapo mhudumu anaweza kukukatia mbio zinazofuata badala ya hizi. Soma tiketi ukiwa bado dirishani: uwanja, saa, namba ya mbwa, aina ya beti. Ipige picha pia, maana karatasi ile hufifia kwa joto na jasho la mfukoni. Milango ya mbwa ikishafunguka, mhudumu hawezi tena kukubadilishia.