Nililaza maua matatu kitaluni Kiwatule

Dada wa kazi wa nyumbani kwangu ana huruma iliyozidi. Akiona jani limelegea, anamwaga maji. Kesho likizidi kulegea, anaongeza. Mwezi wa tatu nilikwenda msibani Muheza, kwetu Tanga, nikakaa wiki tatu, na mvua za masika nazo zilikuwa zimeanza huku Kampala, hewa nzito, jua haba. Niliporudi Najjera nilikuta vyungu vyangu vitatu vimeketi ndani ya visahani vilivyojaa maji, sebule inanuka mtaro.

Jirani akanielekeza kitalu kimoja kando ya barabara, upande wa Kiwatule. Jina silitaji kwa sababu nina sifa na nina lawama, na kibao chenyewe kimefutwa na mvua. Kwa mbele wanauza vile vile wanavyouza wengine: miche ya parachichi, nyasi za paspalum, vyungu vya saruji. Kwa nyuma wana kibanda cha wavu mweusi ambako wanalaza maua wagonjwa. Ndivyo wanavyosema, kulaza. Shilingi 5,000 kwa chungu kwa wiki, udongo na chungu kipya unalipa mbali.

Anayeshughulika na wagonjwa ni kijana wa kutoka Bunia, Kongo. Alichomoa mmea wa kwanza, akaunusa mizizi, akaniangalia.

“Mama, hii mauwa mulinywesha maji mingi.”

“Si mimi.”

“Wote wanasema vile.”

Huo mmea wa kwanza ndio ulionipeleka kule, hiyo mingine ilidandia tu. Ni ua la Usambara, lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Mimi nimezaliwa Muheza, milima ya Amani naiona kutoka uani kwa mama, na ua hili ni la huko huko, linaota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 bwana mkubwa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo, na tangu hapo limekaa kwenye madirisha ya Wazungu. Kwetu sikumbuki kuliona kwenye chungu hata siku moja. La kwangu nililinunua dukani Kampala, shilingi 35,000, nikajiona mjinga na nikafurahi kwa pamoja.

Kijana aliminya shina, likatoka maji ya kahawia. “Mama yake imekwisha kufa,” akasema. “Tubakishe watoto.” Hakuchukua majani ya nje yaliyozeeka wala yale machanga ya katikati, alichagua matatu ya umri wa kati. Akaupitisha wembe kwenye moto wa kiberiti, akakata kila kikonyo mshazari, akiacha urefu wa kama sentimita tatu. Akayachomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga na pumba za mpunga zilizochomwa, bila samadi hata chembe, kisha akafunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Kuhusu kumwagilia alisema maji yatiwe kwenye kisahani, yanyonywe kwa nusu saa, yanayobaki yamwagwe. Maji baridi yakigusa majani yale yanaacha mabaka. Hapo nikaelewa mabaka niliyokuwa nikiyapigia dawa mwaka mzima.

Mmea wa pili, mani planti, ule unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo, ulikuwa kazi nyepesi. Unakata pingili chini kidogo ya kifundo, unaiweka kwenye gilasi ya maji, na baada ya wiki mbili mizizi myeupe inaning'inia. Alinionyesha kile kinundu cha kahawia kwenye kifundo, akasema mzizi unatoka pale. Jani lisilo na kifundo linaweza kukaa kijani kwenye maji miezi na miezi, lakini halitachipua kamwe. Wiki tatu, nikachukua pingili sita.

Lawama yangu ni kwenye sanseveria. Yangu ilikuwa ile yenye ukingo wa njano, imesimama wima kama mkonge (sisi watu wa Tanga tukiiona lazima tukumbuke mashamba). Waliikata majani vipandevipande, wakavipanda kwenye mchanga. Baada ya wiki kumi na mbili nikaitwa kuchukua: machipukizi manne mazuri, manono, kijani kitupu. Njano haipo. Nilipouliza, yule kijana akajikuna kichwa akasema ndivyo inavyokuwa. Kweli ndivyo inavyokuwa, maana chipukizi la kipande cha jani hutoka kwenye nyama ya kijani ya ndani na ule ukingo unabaki nyuma. Ukiutaka, unagawa lile shina nono lililo chini ya udongo, kila kipande na majani yake. La kwangu lilikuwa na upande mmoja mgumu, mzima, nililishika kwa mikono yangu siku ya kwanza. Walilitupa. Mtu anayenusa mizizi namna ile alikuwa na wajibu wa kuniuliza kabla ya kushika wembe.

Na udongo wao wa mfuko, shilingi 10,000, sitaununua tena. Ni mzito, samadi haijaiva, na ulikuja na vile vidudu vyeusi vinavyokurukia puani ukiwa unakunywa chai. Mayai yao yamo kwenye udongo wa juu uliolowa. Nilitandaza mchanga juu, nikauacha ukauke kabisa kati ya maji na maji, vikaisha baada ya kama mwezi.

Hesabu: kulaza 135,000, udongo 10,000, vyungu vitatu 24,000. Jumla 169,000, wakanipunguzia hadi 150,000. Mimea yote mitatu ukinunua mipya haizidi 80,000. Mume wangu alirudia hesabu hiyo mara mbili mezani, polepole, kama anamsomesha mtoto. Kwa hiyo kama mmea wako unapatikana kila kona ya mji, usiulaze. Nunua mwingine, au kata pingili uiweke kwenye gilasi jikoni kwako bure.

Ila kwa ua la Usambara ningelipa tena. Kati ya majani matatu moja lilioza, mawili yakazaa: wiki ya tisa nikaona majani madogo kama sikio la panya yakisukuma pumba, na nilipoyachukua vilikuwa vimche saba. Viwili nimewapa majirani. Kimoja kimeanza kubeba kichwa cha ua, bado kimefumba.

Ukienda, nenda siku za kazi asubuhi umkute kijana wa Bunia, na ukawaambie mapema usichotaka kikatwe. Jumapili anashika zamu mwenzake. Nilipita saa nne nikamkuta kwenye kibanda cha wagonjwa, ameshika mpira wa maji, umefunguliwa mpaka mwisho.