Tamasha la mkonge Tanga: nendeni mapema, na msikose banda la wazee

Kwa wanaouliza kama tamasha la mkonge hapa Tanga linafaa kupeleka watoto: wapelekeni, tena asubuhi, maana yaliyo bora yanafanyika kabla muziki haujafunguliwa. Ukishuka stendi ya Kange, chukua bajaji mpaka viwanja vya Tangamano.

Kilichonifurahisha hasa ni banda la wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mzee mmoja, tulipokwisha kumwamkia, alichukua jani bichi, akalilaza kwenye ubao na kuliparuza kwa kisu butu mpaka nyama ya kijani ikatoka yote, zikabaki singa nyeupe za karibu mita moja. Akawaonya watoto wasiguse utomvu kwa kuwa unawasha. Kiwandani kazi hiyo inafanywa na mashine iitwayo korona, kisha singa zinaoshwa, zinaanikwa juani na kupigwa brashi. Katika kilo 100 za majani unapata singa kilo 4 hivi. Mwanangu akauliza, "Babu, hayo mengine yanakwenda wapi?" Mzee akamweleza kwamba miaka yote yalikuwa yakitupwa tu, mpaka pale Hale kikajengwa kiwanda cha kuyageuza gesi na umeme. Halafu akazisokota singa pajani, akampa mtoto ncha moja ya kamba avute kwa nguvu zake zote. Haikukatika!

Sasa lawama yangu. Bango la historia limeandikwa vizuri kuhusu Richard Hindorf, Mjerumani aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Limetaja pia mwaka 1964, tulipozalisha tani 230,000 hivi na kuongoza dunia nzima. Lakini manamba, yaani vibarua walioletwa kutoka mbali kufanya kazi mashambani, hawamo. Hakuna hata mstari mmoja! Babu yangu mzaa baba aliletwa kutoka Kigoma kuja kukata mkonge, na familia nyingi za Muheza na Korogwe zina babu kama huyo, kutoka Songea, Iringa, mpaka Msumbiji. Tani zile zilikatwa kwa mikono yao. Naomba sana waandaaji walirekebishe hilo, na wazee wenyewe wapewe kipaza sauti badala ya hotuba zile ndefu.

Kwenye ununuzi, kuweni macho. Vikapu ni vizuri mno, vya rangi na visivyo na rangi, ila baadhi ya wauzaji wanachanganya nyuzi za plastiki. Zao hili liliangushwa na kamba za plastiki na nailoni, kwa hiyo kuzikuta zimefichwa ndani ya kikapu cha "mkonge" kunauma. Mama mmoja wa Muheza alinifundisha namna ya kupima: omba uzi uliobaki, uwashe kwa kiberiti. Mkonge unaungua kama karatasi na kuacha majivu. Plastiki inayeyuka, inajikunja kidonge cheusi na kunuka. Yeye aliuwasha wa kwake bila hata kuombwa, nami nikanunua kwake kikapu cha sokoni kwa shilingi 18,000. Angalia pia rangi ya singa. Nyeupe inayoelekea maziwa ndiyo nzuri, na ukiona mabaka ya kijani ujue hazikuoshwa sawasawa. Mazulia madogo ya mlangoni yalikuwa imara, ila sikuona makubwa ya sebuleni.

Chakula kipo cha kutosha, na machungwa ya Muheza yalikuwa matamu. Vivuli ni vichache mno, saa sita jua linachoma, na vyoo vilikuwa vichafu kabla ya adhuhuri.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka kwa ajili ya bango lenye habari za manamba. Wenye picha za babu zao mashambani, tuzipeleke kwa waandaaji kabla ya tamasha lijalo. Ya kwangu ninayo, na nitaipeleka.