Buccolam: dawa ya shavuni kwa kifafa kisichokoma

Kwa mtoto ambaye kifafa chake huanzia sehemu moja ya ubongo na kikianza hakiachii, Buccolam tunaiweka mbele ya daiazepamu ya kupitishwa njia ya haja kubwa. Ni midazolamu ya maji, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2011, ndani ya sirinji isiyo na sindano, kipimo kikiwa kimeshajazwa. Njano ni mg 2.5 kwa wa miezi 3 hadi chini ya mwaka 1 (kabla ya miezi 6 ni hospitalini tu), bluu mg 5 hadi miaka 4, zambarau mg 7.5 kwa miaka 5 hadi 9, ya chungwa mg 10 kuanzia miaka 10. Rangi hizo zinasaidia sana, maana mzazi aliyeshtuka hapigi hesabu.

Vuta shavu, ingiza ncha kati ya shavu na ufizi wa chini, sukuma polepole. Dozi kubwa igawe pande zote mbili. Ukiharakisha, dawa humezwa, na ikipitia tumboni na kwenye ini nguvu yake hupungua.

Kasoro yake iko kwenye kifuniko. Kile chekundu hutakiwa kung'oka pamoja na kikofia cha ndani kinachopitisha mwanga. Kikofia kikibaki kwenye ncha, mtoto anaweza kupaliwa nacho. Kiangalie kila mara.

Kinachoharibu mambo zaidi ni kuchelewa. Mtoto anakodoa macho, anatafunatafuna, mkono mmoja unarukaruka, na watu wanangoja yaishe kwa kuwa hajaanguka. Anza kuhesabu muda mara dalili zinapoonekana. Dakika ya 5 mpe, isipokuwa daktari wake ameandika vingine. Shambulio likirefuka, vipokezi vya GABA (kemikali inayotuliza ubongo) ambavyo dawa hii huvitegemea huzama ndani ya seli, nayo hukosa pa kushika. Kwa hiyo usimwongeze dozi ya pili bila agizo la daktari: pumzi inaweza kukatika huku kifafa kikiendelea. Dakika 10 baada ya dozi zikipita bila nafuu, mkimbize hospitali na sirinji tupu mkononi.

Huko zamu ni ya dawa za mshipani: levetirasetamu mg 60 kwa kilo ya uzito, valproeti mg 40 au fosifenitoini mg 20. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019, kwa mashambulio ya mtukutiko yaliyoshinda dawa za kundi la midazolamu, ulikuta kila moja ikizima karibu nusu.

Nyumbani, Buccolam isiwekwe kwenye friji, na isitolewe kwenye mrija wake wa plastiki kabla ya saa ya kuitumia.