Simu ya kufungua kwa bisibisi: ipi ununue ukiwa Arusha

Simu yangu iliniponyoka stendi ya daladala ya Kilombero, nikishuka na mfuko wa viazi mkono mmoja na nauli mkono mwingine. Kioo kilipasuka kona hadi kona. Ilikuwa Fairphone 4, simu iliyoundwa ili mwenye nayo aifungue mwenyewe, na kubadilisha kioo chake ni kazi ya dakika chache. Ila kioo chenyewe kilikuwa Ulaya. Kilinifikia wiki saba baadaye, ndani ya begi la binamu yangu aliyekuja likizo. Wiki zote hizo nilirudi kwenye kitochi.

Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa maswali mawili. Ikiharibika Jumatatu hapa Arusha, itapona lini? Na je, unaweza kuiwekea mfumo wa programu huria bila kampuni kukuzuia?

Swali la pili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Simu nyingi zinazoishia kwenye droo bado zina kioo kizima na spika nzima. Zimechoka betri, au sistemu ya chaji imejaa vumbi la kiangazi, au kampuni imeacha kutuma masasisho. Betri na chaji ni kazi ya fundi. Masasisho fundi hawezi, ila watu wanaojitolea kuandika mfumo ulio wazi kwa kila mtu wanaweza. Mfano ninaoupenda ni Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014: kampuni iliiacha kwenye Android 6, lakini LineageOS, mradi ulioanza mwishoni mwa 2016 baada ya mradi uliotangulia, CyanogenMod, kufungwa, uliifikisha Android 11.

1. Redmi Note 10 Pro iliyotumika

Kuifungua si rahisi. Mgongo umegundishwa, fundi lazima aupashe moto kwa bloa na kuuinua taratibu kwa kadi ya plastiki. Hata hivyo naiweka juu, kwa sababu mafundi wa mjini wameizoea, na vipuri vya Redmi vinapatikana. Fundi akiwa hana kioo anamtuma kijana duka la jirani, na jioni unarudi nyumbani na simu yako. Sistemu ya chaji iko kwenye bodi yake ndogo ya chini, kwa hiyo ikifa inabadilishwa yenyewe bila kuchokonoa bodi kubwa.

Ilitoka mwaka 2021, ina betri ya 5,020 mAh, tundu la hedifoni, na inabeba laini mbili pamoja na memori kadi kwa wakati mmoja. Kwa mtu mwenye laini ya M-Pesa na laini nyingine ya bando, hilo si jambo dogo.

Kuwa makini na jina. Redmi Note 10, Note 10S na Note 10 Pro ni simu tatu tofauti kabisa ndani, na mfumo wa moja haukai kwenye nyingine. Kwenye orodha ya LineageOS Note 10 Pro inaitwa "sweet", Note 10 ni "mojito", na 10S ni "rosemary". Angalia orodha hiyo siku unayonunua, maana simu huingia na kutoka. Angalia pia kioo kama kimeshabadilishwa: kioo halisi cha simu hii ni AMOLED, nyeusi yake ni nyeusi kweli. Ukifungua picha nyeusi gizani ukaona kijivu kinachong'aa, hicho ni kopi, punguza bei.

Kufuli ya butiloda, yaani programu ndogo inayouamsha mfumo simu ikiwashwa, inafunguliwa kwa kompyuta ya Windows na programu ya Mi Unlock, na kwa kawaida utaambiwa usubiri saa 168, yaani siku saba. Kila kitu kilichomo kinafutwa, kwa hiyo hamisha picha za watoto kwanza. Simu ambayo bado iko kwenye MIUI ina masharti mepesi kuliko iliyopandishwa hadi HyperOS. Ukikuta muuzaji ambaye ameshaifungua, amekuokolea wiki.

2. Fairphone 4 au 5

Moyo wangu uko hapa. Kioo kilipofika nilikwenda nacho kwa fundi wangu wa Kaloleni, nikitaka tu anishikie taa. Akaanza kutafuta bloa. Nikamwambia hatuihitaji. Nikang'oa mgongo kwa ukucha, nikatoa betri kwa vidole, nikampa bisibisi ya kawaida yenye kichwa cha msalaba. Alipomaliza skrubu za pembeni kioo kikatoka kizima, bila gundi hata tone. Akaigeuza simu chini ya taa, akasoma maandishi ya ndani yanayotaja kila kipande, kamera ipi, spika ipi. Akasema, "Dada, aliyeitengeneza hii alimfikiria fundi." Hela alikataa, akachukua soda.

Kampuni hii ilianzishwa Amsterdam mwaka 2013. Fairphone 5 ilitoka 2023 kwa euro 699, na wameahidi kuitunza kimfumo hadi 2031. Inakubali /e/OS, mfumo huria usio na huduma za Google ndani yake, na unaweza kuinunua ikiwa nao tayari.

Lakini inauzwa Ulaya, na vipuri viko huko huko. Kwa hiyo inunue ukiwa na ndugu anayekuja, na siku hiyo hiyo anunue pia kioo cha akiba, betri na kipande cha chaji. Mkumbushe kwamba betri iliyo nje ya simu haipakiwi kwenye begi la chini ya ndege, aibebe mkononi. Huna ndugu wa namna hiyo? Rudi namba moja. Na ujue ina nafasi ya laini moja tu ya kuchomeka, ya pili ni eSIM, yaani laini isiyo na kadi, kwa hiyo uliza kwanza kama mtandao wako unatoa.

3. Pixel iliyotumika, kuanzia 6a kuendelea

Kwa anayejali usalama kuliko kitu kingine, hakuna kama GrapheneOS, mfumo huria mwingine, nao unakaa kwenye Pixel tu. Kuiweka ni rahisi kuliko zote: unachomeka waya, unafungua kivinjari, unafuata hatua, kisha unairudishia kufuli yake. Redmi yenye LineageOS inabaki bila kufuli hiyo.

Haina nafasi ya memori kadi, na laini ya pili ni eSIM kama Fairphone. Kioo chake utakisubiri kuliko cha Redmi. Pixel nyingi zilizotumika zimetoka Marekani, na zilizouzwa na Verizon, kampuni ya mtandao ya huko, butiloda yake haifunguki. Kabla ya kulipa, ingia kwenye mipangilio, gonga "Build number" mara saba, unganisha intaneti, halafu tafuta "OEM unlocking", kitufe cha kuruhusu butiloda ifunguliwe. Kitufe kikiwa cha kijivu na kinakataa kuguswa, mrudishie muuzaji simu yake.

4. PinePhone

Hii ni ya mwanafunzi wa kompyuta au mtu mwenye subira nyingi. Inaendesha Linux yenyewe, si Android, na chini ya mgongo ina swichi ndogo za kuzima maikrofoni, kamera na mawasiliano kwa mkono. Betri yake ni ya umbo la Samsung Galaxy J7, hivyo unaweza kuitafuta hapa hapa mjini. Lakini ni nzito kwenye kazi, na programu za Android haiziendeshi moja kwa moja. Usiifanye simu yako pekee.

Ambazo sikuziorodhesha: Tecno na Infinix zina vipuri kila kona, ila mifumo huria ya kuziwekea ni adimu. Nokia G22 ya 2023 ilitengenezwa ili ifunguke kirahisi, lakini butiloda imefungwa. Samsung ukiifungua butiloda, alama yake ya usalama, Knox, inaungua na hairudi.

Je, huduma za pesa zitafanya kazi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu ni ndiyo. M-Pesa ya *150*00# na Airtel Money ya *150*60# zinapita kwenye laini, hazijali mfumo wa simu. Nalipia LUKU na ada kwa njia hiyo kila mwezi. Kinachosumbua ni programu za benki: baadhi hukagua mfumo na kukataa kufunguka. Hapo rudi kwenye menyu, CRDB ni *150*03# na NMB *150*66#. WhatsApp inafanya kazi. Programu nyingine nazitoa F-Droid, duka la programu huria, na madereva wa watalii ninaowafahamu nimewawekea Organic Maps, ramani ya nchi nzima ikiwa ndani ya simu hata pale Ngorongoro mtandao unapokatika.

Ukifika dukani, piga *#06#, tuma namba ya IMEI kwenda 15090 na usubiri jibu la TCRA. Jina linalorudi lifanane na simu uliyoshika. Chomeka chaja, tikisa waya kidogo, uone kama chaji inakatika. Kisha weka laini yako, piga *150*00#, na menyu ikitokea ndipo uhesabu hela.