Vijiti vya Cuisenaire kwenye somo la Kiingereza: vinafaa wapi, vinakwama wapi

Sanduku dogo la kawaida lina vijiti 74 vya urefu kumi tofauti, kuanzia sentimita 1 hadi 10, na kila urefu una rangi yake: cheupe ndicho kifupi kuliko vyote, chekundu ni sentimita 2, cha njano 5, cha bluu 9, cha rangi ya chungwa 10. Georges Cuisenaire wa Ubelgiji alivibuni kwa ajili ya hesabu, kisha Caleb Gattegno akaviingiza kwenye ufundishaji wa lugha. Kwa kuwa huuzwa kama vifaa vya hesabu, walimu wengi wa Kiingereza hawajawahi kuvishika, na wanakosa kitu kikubwa. Picha humpa mwanafunzi jibu tayari. Kijiti hakina maana yoyote mpaka mtu aseme jambo juu yake.

Nguvu yake kubwa iko kwenye mpangilio wa maneno. Chukua lile kosa sugu la "Does he goes?" Weka chekundu kiwe "he", cha bluu kiwe "go", halafu cheupe kikigusa mkia wa cha bluu, ndiyo ile "s". Mwanafunzi asome: "He goes". Leta cha njano, "do", ukiweke mwanzoni, kisha nyamaza. Kitoe cheupe kwenye "go", ukisogeze polepole mpaka kigusane na "do". "Does he go?" Cheupe ni kimoja tu mezani, kwa hiyo "s" haiwezi kukaa sehemu mbili, na hilo mwanafunzi analiona kwa macho. Kosa likirudi baadaye huna haja ya kueleza upya: gusa meza pale "s" ilipohama, naye atajisahihisha. Ila usibadilishe rangi katikati ya kipindi. "He" akianza kuwa chekundu abaki chekundu, la sivyo darasa zima linapotea.

Vinasaidia pia kwenye mkazo wa matamshi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo wengi wetu tunasema "photoGRApher". Panga vijiti vinne, vitatu vyeupe na kimoja cha njano kilichosimamishwa wima mahali pa pili: "phoTOgrapher". Kwa "photoGRAphic" kihamishie mahali pa tatu. Mwanafunzi akigonga meza huku akisoma, sikio hukamata haraka kuliko kwa alama za ubaoni.

Kwa mazoezi ya wawili wawili, simamisha kitabu katikati. Kila mmoja ana vijiti sita vya rangi zilezile. Mmoja ajenge umbo na kuelekeza: "Put the black rod behind the yellow one." Mwenzake ajenge bila kuona, kisha kitabu kiondolewe walinganishe. Hapo ndipo "on", "in" na "at", ambazo kwetu hubebwa na "kwenye" moja, zinaanza kuachana. Sita zinatosha. Ukizidisha, wanasahau walichokwisha kujenga na zoezi linageuka mtihani wa kumbukumbu.

Kwa "a" na "the", weka vyekundu vitatu na cheusi kimoja. "Give me the black rod" haina tatizo. Ukisema "Give me the red rod", aliyeelewa atasita na kuuliza "Which one?" Usimwokoe upesi, kwa maana kusita huko ndiko kunakoonyesha kwamba ameelewa.

Kwenye msamiati havina msaada mkubwa. Kijiti kinaweza kuitwa nyumba au basi, lakini neno lenyewe lazima litoke kwingine.

Ukinunua, chagua vya mbao vilivyo laini. Vile vya plastiki vyenye mikato ya sentimita huwafanya wanafunzi waanze kuhesabu badala ya kuongea, na vilivyo vyepesi huanguka kwa kuguswa kidogo. Kabla ya kulipa, panga vyeupe kumi kando ya kimoja cha chungwa: visipolingana, vimekatwa vibaya na havitasimama wima. Tandika kitambaa mezani, maana mbao juu ya meza tupu hupiga kelele. Vyeupe ndivyo vinavyopotea kwanza, na vina hatari ya kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani, sisitiza urefu: "the long one", "the short one".

Zoezi la kitabu katikati linahitaji rangi sita mara mbili kwa kila jozi, na kwa kuwa rangi hazina idadi sawa ya vijiti, sanduku la 74 linatosha jozi tano. Darasa la watu 40 linataka masanduku manne. Ukiwa na moja tu, lifanye la mwalimu mbele ya darasa kwa mpangilio wa maneno na mkazo, na mazoezi ya wawili wawili uyaache.