Silanti ya poliyurethani kwenye jointi za ukuta wa matofali ya saruji: inafaa, lakini usiibebeshe mzigo wa fundi

Matofali ya saruji husinyaa yanapokauka, na msingi umeyashikilia yasisogee. Ndiyo maana ukuta hupasuka. Jointi ya wima inayoachwa makusudi huupa ukuta mahali pa kufungukia, na tunachokipima hapa ni kitu cha kuijaza: silanti (kijazio kinachonyumbulika) ya poliyurethani ya daraja la 25, mfuko wa ml 600, pamoja na kamba ya povu inayokaa nyuma yake.

Kwa kazi hii inaipita mbali silikoni yenye harufu ya siki inayouzwa kwa ajili ya vioo. Ile hutoa asidi inapokauka, na asidi na saruji havipatani, kwa hiyo hubanduka kingoni. Zaidi ya hapo, haishiki rangi.

Daraja la 25 maana yake jointi ya mm 10 inaweza kufunguka au kubana mm 2.5 bila silanti kuchanika. Hapo ndipo mpangilio wa ukuta unapoamua kila kitu. Kiwango cha Marekani cha ASTM C90 kinaruhusu tofali kusinyaa hadi asilimia 0.065. Kipande cha ukuta cha mita 3.6 kati ya jointi kikisinyaa kiasi hicho chote ni mm 2.3, bado salama. Cha mita 6 ni karibu mm 4, na hapo hata silanti ya bei ghali itaachia. Kanuni inayotumika sana ni nafasi kati ya jointi isiyozidi mara moja na nusu ya kimo cha ukuta, na hiyo ni kwa ukuta wenye nondo za mlalo kwenye kozi, yaani safu za matofali. Kwa uzio wa kimo cha mita 2.4 wenye nondo hizo, nafasi isizidi mita 3.6. Weka jointi pia karibu na kona, pembeni mwa mlango, na pale kimo kinapobadilika. Kuijaza subiri matofali na plasta vikauke vizuri, ili sehemu kubwa ya kusinyaa iwe imeshapita.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kujaza bila kamba ya povu. Silanti ikishika nyuma na pande zote mbili, haina pa kunyookea, hivyo hupasuka katikati. Jointi ya mm 10 inataka kamba ya mm 13, isukumwe hadi ibaki kina cha mm 8. Piga brashi kingo hadi vumbi liishe, paka praima (kipako cha kwanza cha kusaidia silanti ishike) ya kampuni hiyohiyo, bandika tepu ya karatasi pembeni, jaza, kisha lainisha kwa kijiko kabla haijaanza kushika ngozi.

Kosa la pili ni plasta kupita juu ya jointi. Ufa utatokea palepale. Plasta ikatwe kwa grainda kufuata mstari uleule.

Uzio huo ukiwa na urefu wa mita 30 una jointi 8. Pande zote mbili ni mita 38.4. Kila mfuko unatosha mita 7.5, kwa hiyo nunua 6 na kamba mita 40. Chagua ya kijivu, kwani nyeupe hugeuka njano juani, na rangi ya ukuta ikipakwa juu yake hupasuka kwa kuwa haivutiki. Mfuko ukishafunguliwa umalizwe siku hiyohiyo: unyevu wa hewa ndio unaoigandisha, na Pwani hauchelewi.